Namna ya kuangalia chapa za Kijapani za uvuvi wa mnandi: anza na moto

Kama unapenda kuperuzi picha za zamani za Kijapani mtandaoni lazima umeshakutana na moja ya usiku, mto, mashua ndefu nyembamba, tenga la moto limening'inia kule mbele afu ndege weusi wamefungwa kamba wanaogelea. Wengi wanaiangalia sekunde mbili, wanaona giza tu, wanapita zao kwenda kwenye mawimbi ya yule mchoraji maarufu Hokusai. Mi naona hiyo ni hasara kubwa, manake hizi chapa za uvuvi wa mnandi (yaani picha zinazochapwa kwa mbao zilizochongwa, na mnandi ndo huyo ndege mweusi) ni kati ya kazi ngumu walizowahi kufanya wachongaji na wachapaji wa Japani, na ukishajua pa kuanzia kuangalia zinaanza kufunguka zenyewe. Kwa hiyo hapa nakuonyesha jinsi ya kuziangalia, jinsi ya kujua picha ni ya wapi na ya lini, na kama una hela kidogo jinsi ya kununua bila kupigwa.

Kwanza jua mtoni kunafanyika nini

Huwezi kuisoma picha kama hujui kazi yenyewe inaendaje. Uvuvi huu kule Japani unaitwa ukai, na mnandi ni yuleyule tunayemjua huku kwenye maziwa, yule ndege mweusi wa kuzamia anayekaa juu ya gogo katandaza mabawa yakauke, ila wa kwao ni aina nyingine, wa baharini, mkubwa na mwenye nguvu, wanamkamata pwani ya Ibaraki ndo wanampeleka mtoni kufundishwa. Sehemu maarufu kuliko zote ni Mto Nagara, mji wa Gifu, na pale kazi hii ina zaidi ya miaka 1300. Msimu unaanza tarehe 11 Mei unaisha tarehe 15 Oktoba. Bwana anayeongoza ndege anaitwa usho. Gifu wapo sita, na juu kidogo ya mto, sehemu inaitwa Oze kwenye mji wa Seki, wapo watatu, na hao wote tisa tangu mwaka 1890 wana cheo rasmi chini ya idara inayohudumia nyumba ya mfalme, cheo kinachotoka kwa baba kwenda kwa mtoto.

Sasa kazi. Usho anasimama omo, yaani mbele kabisa, karibu na moto, nyuma yake kuna msaidizi katikati na mwingine kwenye tezi anayeendesha mashua. Mashua ina urefu wa mita 13 hivi. Usho ameshika kamba za ndege 10 mpaka 12 kwa mkono wa kushoto, na wa kulia unafanya kazi ya kuzifumua kila zinapojisokota, na zinajisokota muda wote manake kila ndege anazamia upande wake. Shingoni mwa ndege kuna uzi umefungwa kwa kipimo, samaki mdogo anapita anamezwa, mkubwa anakwama kooni, ndege anavutwa mashuani anatapishwa, anarudishwa majini. Samaki wanaotafutwa ni ayu, samaki wa mto anayeishi mwaka mmoja tu, mtamu na mwenye harufu kama ya tikitimaji, na akikamatwa na mnandi anakufa papo hapo kwa hiyo anabaki freshi, anabaki pia na alama za mdomo wa ndege mwilini na wanunuzi wanazijua hizo alama.

Moto kazi yake nini? Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria wanatumia karabai usiku kumvuta dagaa aje juu, huku ni tofauti kidogo, ayu usiku amejificha chini kwenye mawe, mwanga wa moto wa kuni za msonobari unamshtua anatoka mbio, magamba yanang'aa, ndege anamuona anamvaa. Kwa hiyo moto uko pale kwa ajili ya ndege kuona. Bila moto hakuna uvuvi, na bila moto hakuna picha pia, na hapo ndo tunapoanzia.

Angalia moto kabla ya kitu kingine chochote

Hii ndo hoja yangu kuu kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chapa ya mbao inatengenezwa hivi. Mchoraji anachora kwenye karatasi nyepesi, mchongaji anaibandika ile karatasi kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, anachonga kila mahali isipokuwa mistari, mchoro wa awali unaishia hapo hapo maana unachongwa pamoja na ubao. Huo ni ubao wa mistari. Afu kila rangi inachongewa ubao wake. Mchapaji anapaka rangi kwenye ubao, analaza karatasi yenye unyevu juu yake, anasugua mgongoni kwa bareni, kile kisahani kilichofungwa kwa ganda la mwanzi, anatoa, anaenda ubao unaofuata. Kuna alama mbili zimechongwa kwenye kona na pembeni ya kila ubao ili karatasi ikae palepale kila mara.

Sasa fikiria usiku. Mchoraji wa rangi za mafuta anaweza kumaliza giza lake lote afu mwishoni akadondosha tone la njano juu, moto umewaka. Mchapaji wa rangi za maji hawezi kufanya hivyo, nyepesi ikiwekwa juu ya nyeusi inamezwa. Mwanga wake wote unatoka kwenye karatasi yenyewe. Kwa hiyo pale moto ulipo, ubao wa giza ulishachongwa ukaachwa wazi tangu mwanzo, kabla hata tone la rangi halijamwagwa mtu ameshakata shimo lenye umbo la mwali ndani ya usiku. Ndani ya shimo hilo ndo inakuja njano, afu nyekundu au chungwa juu ya njano. Mbao tatu nne zinakutana kwenye eneo dogo kuliko kidole gumba, na karatasi ikiteleza kidogo tu moto unaonekana umehama kutoka kwenye tenga lake.

Kwa hiyo kuza picha mpaka moto ujae kwenye skrini, uangalie haya. Je ule wekundu umekaa sawasawa ndani ya nafasi yake au kuna ukanda mweupe upande mmoja? Ukanda mwembamba si kosa kubwa, mkubwa unakwambia mchapaji alikuwa na haraka. Je kuna rangi moja au mbili? Je cheche zimechongwa moja moja? Na moshi je, una mstari wake au ni kivuli tu? Kisha shuka kwenye maji chini ya tenga, kuna mwanga unaakisi au maji yamebaki bluu tupu kama vile moto haupo?

Hilo swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana kwa sababu linasaidia kukadiria umri. Wachoraji wa zama za Edo, yaani mpaka 1868, kwa kawaida hawakuweka kivuli usoni mwa mtu, usho anaweza kuwa amesimama pembeni ya moto mkubwa lakini uso wake ni mweupe sawasawa pande zote kama mchana. Watu wa zama zile waliuelewa usiku kwa ishara, tenga la moto lipo na anga ni jeusi, inatosha. Halafu akaja Kobayashi Kiyochika, kati ya 1876 na 1881 alitoa mfululizo wa picha za Tokyo ambazo shughuli yake yote ni mwanga, taa za gesi, moto, mwezi, vivuli vya watu, na baada ya hapo macho ya wachoraji yakabadilika. Ukiona chapa ya mnandi ambayo mwanga wa moto unaangukia upande mmoja wa mwili, kofia inang'aa mgongo uko gizani, na maji yana vipande vipande vya chungwa, hiyo kwa uwezekano mkubwa ni ya zama za Meiji (1868 mpaka 1912) au baadae kwenye karne ya 20. Wachapishaji wa harakati ya shin-hanga, yaani "chapa mpya", ambao walishamiri miaka ya 1920 na 1930, walipenda sana usiku na mvua na theluji na picha zao za namna hii zinajulikana kwa huo mwanga laini.

Halafu giza

Giza nalo lina madaraja. Usiku mzuri kwenye chapa hauwi mweusi mmoja, juu kabisa kuna ukanda mzito, unashuka unakuwa bluu, unashuka unakuwa kijivu karibu na maji. Huo mteremko wa rangi unaitwa bokashi na unafanywa kwa mkono kila karatasi, mchapaji analowesha ubao kwa kitambaa, anapaka rangi upande mmoja, anaivuta kwa brashi mpaka ipotee. Kwa sababu ni mkono, hakuna karatasi mbili zinazofanana. Ndo maana nakushauri sana usiangalie nakala moja ya picha ukaridhika, tafuta nakala mbili tatu za picha ileile kwenye makumbusho tofauti uziweke pamoja kwenye skrini, utashangaa, moja usiku umeingia kabisa, nyingine kama saa kumi na mbili jioni.

Bluu yenyewe ina historia. Bluu ya Prussia, rangi iliyotoka Ulaya, ilianza kutumika kwa wingi kwenye chapa za Edo mwishoni mwa miaka ya 1820, na mmoja wa wa kwanza kuichangamkia alikuwa Keisai Eisen, alitoa picha za bluu tupu karibu na mwaka 1829. Bluu hii haipauki kirahisi kama zile za zamani za maua. Bila hiyo bluu sidhani kama tungekuwa na usiku wa mto kama tulionao.

Tuchukue mfano: Eisen kwenye Mto Nagara

Kama ni picha moja tu ya kujifunzia basi chukua hii. Kuna mfululizo mkubwa wa vituo vya barabara ya Kisokaido, barabara ya milimani kati ya Edo (Tokyo ya leo) na Kyoto, mfululizo ulianza mwaka 1835 hivi, Eisen alichora 24 na Utagawa Hiroshige akachora 47, jumla 71. Kituo cha Godo kiko pale barabara inapovuka Mto Nagara, leo ni ndani ya mji wa Gifu, na Eisen alipofika kwenye kituo hicho hakuchora nyumba za wageni wala wapagazi, alichora mashua za mnandi usiku. Ukihesabu na picha ya daraja la Nihonbashi linaloanzisha safari, hii ni namba 55.

Ifungue kwenye tovuti ya makumbusho yoyote makubwa, ifuate kwa mpangilio huu huu, moto, giza, afu uje kwenye kamba.

Kamba ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kila kamba kati ya mkono wa mvuvi na shingo ya ndege ni kijiti chembamba cha mbao kilichoachwa kimesimama peke yake, mbao zote za kulia na kushoto zimeondolewa. Mchongaji akitikisika kidogo kamba imekatika na ubao umeharibika. Na ubao ukishachapa mamia ya karatasi, mistari kama hiyo ndo inaanza kuchoka kwanza, inanenepa, inapata mapengo. Kwa hiyo kamba zinakupa habari mbili kwa mpigo, mchongaji alikuwa fundi kiasi gani, na nakala unayoiangalia ilitoka mapema au ubao ulikuwa umeshazeeka. Fuata kamba moja kutoka mkononi mpaka kwa ndege. Kama inafika bila kukatika na bado ni nyembamba, uko kwenye nakala nzuri.

Na ndege wenyewe usiwaache. Kwenye kazi nzuri kila mmoja anafanya jambo lake, mmoja anazama mkia tu unaonekana, mwingine kainua shingo ana samaki, mwingine anapanda ubavuni mwa mashua. Kwenye kazi ya haraka haraka wote wanakuwa mabaka meusi yenye mdomo.

Tambua mahali kwa mavazi na miguu

Usho wa Nagara ana vazi lake, kitambaa cheusi kimefungwa kichwani chenye ncha, ambacho kinamkinga nywele na nyusi dhidi ya cheche, shati la rangi ya giza, na kiunoni sketi ya majani makavu inayozuia maji. Ukiona mtu huyu na mashua ndefu na tenga la moto, anza kwa kufikiria Nagara, ingawa mashua na moto vipo pia Iwakuni karibu na lile daraja la matao matano la Kintai, vipo Uji karibu na Kyoto, na kwingine.

Ila ukiona mvuvi yuko ndani ya maji kwa miguu yake, hana mashua, mkono mmoja ameshika kijinga cha moto na mwingine ameshika kamba za ndege mmoja au wawili, hapo hama kabisa kimawazo, huo ni uvuvi wa kutembea na mahali pa kwanza pa kufikiria ni Isawa, mkoa wa zamani wa Kai, leo ni mji wa Fuefuki huko Yamanashi.

Afu kuna mtego mmoja. Hokusai ana chapa ya watu wanavua usiku mtoni kwa vijinga vya moto, huko huko Kai, iko kwenye mfululizo wake mdogo wa picha 10 za uvuvi na maji wa miaka ya 1833 hivi. Ni nzuri sana na mara kwa mara unaikuta mtandaoni imewekwa pamoja na picha za mnandi. Tafuta ndege. Hawapo. Wale wanatumia mwanga na mikono na nyavu tu. Kwa hiyo kanuni ni rahisi, hakuna ndege kwenye kamba, hakuna ukai.

Uliza picha inaongelea raha au dhambi

Hapa watu wengi hawafiki na ndo penye utamu.

Uvuvi wa mnandi Japani una sura mbili. Moja ni tamasha, watu wanapanda mashua za kutazamia wanakula wanakunywa wanaangalia moto ukipita, Eisen yuko upande huu, ni picha ya msafiri anayeambiwa ukifika Godo usikose hiki. Sura ya pili ni nzito. Mafundisho ya Kibudha yanakataza kuua kiumbe, na mtu anayeua samaki kila usiku na kwa kumtumia kiumbe mwingine afanye hiyo kazi, alionekana amebeba mzigo mkubwa. Kuna mchezo wa kale wa jukwaani wa aina ya no unaoitwa Ukai, unasimulia watawa waliofika Isawa wakakutana na mzee mvuvi wa mnandi, kumbe ni mzimu, alivua sehemu iliyokatazwa, watu wakamkamata wakamviringisha kwenye mkeka wa mianzi wakamtupa mtoni. Mzee anawaonyesha kwa mara ya mwisho jinsi alivyokuwa akivua, na anapofanya hivyo ile furaha ya kazi inamrudia anasahau kabisa adhabu inayomsubiri. Watawa wanaokota kokoto, wanaandika neno moja la Lotasi, maandiko matakatifu ya Kibudha, kwenye kila kokoto wanazitupa mtoni, na mzimu unapata kuokoka.

Baadae hadithi ikaunganishwa na Nichiren, kiongozi mkubwa wa dini wa karne ya 13, na mwaka 1885 Tsukioka Yoshitoshi akaitoa kama chapa ya karatasi tatu zinazokaa pamoja, Nichiren anaiombea roho ya mvuvi kwenye mto Isawa. Ukiiweka hii pembeni ya ile ya Eisen unaona vitu vilevile, mto, usiku, mvuvi, mnandi, lakini kwa Eisen unataka kupanda mashua na kwa Yoshitoshi unataka kurudi nyuma kutoka ukingoni. Ukikutana na chapa yoyote mpya ya mnandi jiulize iko upande gani. Dalili ni nyepesi, watazamaji na mashua nyingi ni tamasha, mtu mmoja peke yake na mtawa au nywele zilizotawanyika ni Isawa na mzimu wake. Zipo pia chapa zinazoonyesha mwigizaji wa no mwenyewe na barakoa yake na kijinga mkononi, hizo mara nyingi mto hauchorwi, mto uko kwenye mwendo wa mwigizaji.

Na kwa ndugu zangu watakaouliza kuhusu mateso ya ndege, ni swali la haki na Wajapani wenyewe wamelibeba karne nyingi, huo mchezo na hiyo picha ya Yoshitoshi ni ushahidi tosha. Ninachoweza kusema ni kwamba ndege wanaishi nyumbani kwa usho miaka mingi, yeye ndiye anawalisha, na kabla ya kazi anawashika mmoja mmoja kuangalia afya.

Kutafuta mtandaoni

Usitafute kwa Kiingereza peke yake. Kopi herufi hizi 鵜飼 ubandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti ya makumbusho, ukitaka Nagara ongeza 長良川, ukitaka Isawa jaribu 石和川. Metropolitan ya New York na Art Institute of Chicago wanaruhusu kudauniloadi picha nyingi za zamani kwa ukubwa mzuri bure kabisa, British Museum na Museum of Fine Arts ya Boston wana makusanyo makubwa sana ya kuangalia. Na ukiwa na picha lakini hujui ni ya nani, ipandishe ukiyo-e.org, ile tovuti inalinganisha picha yako na za makumbusho mengi inakuletea zinazofanana, na hapo hapo unapata nakala nyingi za kulinganisha bokashi kama nilivyosema juu. Kwa simu yenye bando dogo fanya kazi hii na picha moja moja, zile faili kubwa zinakula data.

Ukitaka kununua

Muuzaji akikuonyesha chapa ya mnandi anza na mihuri. Muhuri mdogo wa duara wenye herufi 極 ni wa ukaguzi, ulitumika kuanzia miaka ya 1790 mpaka 1842, kwa hiyo picha ya Eisen ya toleo la zamani inaendana na kipindi hicho. Chapa za Meiji kama ya Yoshitoshi mara nyingi pembeni zina maandishi madogo ya tarehe na majina na anwani ya mchoraji na mchapishaji, hizo ni rahisi zaidi. Kwenye mfululizo wa Kisokaido kuna jambo la ziada, mchapishaji wa kwanza alikuwa Takenouchi Magohachi, baadae Iseya Rihei akachukua, na kwenye matoleo ya baadae sahihi ya Eisen iliondolewa kwenye picha zake kadhaa. Kwa hiyo ukiona picha yake haina jina usikimbilie kusema feki, inaweza kuwa halali ila ya toleo la baadae, na bei inatakiwa ishuke.

Mhuri lakini unaweza kuchongwa upya na mtu yeyote mwenye patasi. Zipo chapa nyingi za karne ya 20 zilizochongwa upya kwa kunakili za zamani, si utapeli kama muuzaji anasema wazi ni nakala, na kwa kweli ni njia nzuri ya mtu wa kawaida kumiliki kazi ya mkono, tatizo ni zikiuzwa kwa bei ya 1835. Omba picha ya mgongo wa karatasi. Chapa ya mkono rangi inapenya nyuma, na mara nyingi unaona mikwaruzo ya duara ya bareni. Chukua lenzi ya kukuza uangalie sehemu ya moto, ukikuta vidoti vidogo vidogo vimepangwa kama kwenye gazeti hiyo ni picha ya mashine, maliza maongezi. Karatasi nene nyeupe pee isiyo na doa hata moja kwenye kitu kinachodaiwa kina miaka karibu 190 inataka maelezo. Pima pia, saizi ya kawaida ya karatasi kubwa ya oban ni kama sentimita 25 kwa 38, ikipungua sana kingo zimekatwa.

Na rudi kwenye moto tena. Rangi ya chungwa iliyotengenezwa kwa risasi inaweza kugeuka nyeusi na umri, na wekundu wa zamani wa maua unapauka, kwa hiyo moto uliofifia au wenye madoa meusi kwenye nakala ya zamani ni jambo la kawaida, lisikutishe. Moto mwekundu unaowaka kama lipstiki iliyopakwa jana kwenye nakala inayosemwa ni ya Eisen, huo ndo wa kuuliza maswali.

Ukishanunua, usiibandike na selotepu wala gundi, usiitie laminesheni hata fundi wa fremu akikushawishi vipi. Iwekwe kwenye kadi isiyo na asidi, ishikiliwe kwa vipande vidogo vya karatasi juu tu, kioo kisigusane na karatasi. Makumbusho huziwekea mwanga mdogo sana, luksi 50 hivi, na hawaachi karatasi ukutani mwaka mzima, nyumbani ukuta usiopigwa na jua na mbali na jiko unatosha, miezi mitatu nje afu unairudisha kwenye folda. Ukiwa unaishi pwani unyevu ndo adui mkubwa kuliko jua, ukungu unaanzia mgongoni mwa karatasi kabla hujauona mbele, kwa hiyo kila mara unapoibadilisha igeuze uikague nyuma.